Kichwa ni cha Vidole, Mikono ni ya Redio

Kitana bado kiko mdomoni mwa Vidole, palepale tulipokiacha wiki iliyopita, na wifi yake bado amesimama mlangoni, amekumbatia boksi kifuani kama aliyeokoa mtoto kwenye moto.

Wewe ambaye jirani aliazima gazeti lako na mpaka leo anakuambia "nakuletea", vuta kiti. Nitakueleza upesi, wenzako wasije wakakasirika.

Saluni ni chumba kimoja. Viti viwili, kioo kimoja chenye ufa pembeni, drai moja yenye homa za vipindi, na televisheni ukutani. Vidole ndiye msusi. Mtaa ulimpa jina hilo kwa ajili ya njia zake, ile mistari ya ngozi inayobaki kati ya msuko na msuko: zimenyooka utadhani zimepigwa rula. Wifi yake, dada wa mumewe, anaitwa Redio, na ukikaa naye dakika mbili huulizi kwa nini. Redio hasuki. Redio anachezesha gemu.

Usicheke, ndiyo kazi yake. Mteja akishakaa kitini anapewa pedi ya gemu mkononi. Wanaosubiri wanapewa zao, Redio anashika yake, kisha wote wanaingia kwenye Purukushani: kuku, mbuzi, bata na punda wanarukaruka visiwa na kusukumana majini. Msuko ulioanza asubuhi unakwisha, na mteja hanyanyuki mpaka apewe mechi ya marudiano. Sheria imebandikwa kwenye kioo, juu ya ule ufa: HAPA KICHWA NI CHA VIDOLE, MIKONO NI YA REDIO.

Lakini siku hizi viti vimepoa. Foleni imehamia ng'ambo ya barabara, kwa Bi Kioo. Bi Kioo ana Purukushani Mpya, ile yenye kamera. Tena ana msuko uliowapandisha wanawake mori, unaitwa Wimbi: mistari inatoka kwenye paji la uso ikipinda na kupindua mpaka kisogoni, kila kichwa na wimbi lake. Vidole amejaribu kuuiga juu ya kichwa cha sanamu mpaka sanamu ikaota upara. Mkono wake umekataa. Akianza kupinda, unanyooka wenyewe.

Na lile jambo unalolijua wewe ambalo Redio halijui: Vidole amekwisha kumkubalia Bi Kioo. Jumatatu anahamia ng'ambo. Alipanga kumwambia wifi yake baada ya harusi ya huyu binti aliyeketi hapa kitini, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama kama iliyopigwa na shoti ya umeme.

Haya, turudi mlangoni.

"Wifi," Vidole akasema, kitana kikicheza mdomoni, "hilo ni drai?"

"Ni zaidi ya drai."

"Kilicho zaidi ya drai ni nini?"

"Purukushani Mpya," akasema Redio.

Bibi harusi akageuza shingo kwa nguvu, Vidole akairudisha kwa nguvu zaidi. "Ile ya kamera? Ile ya kwa Bi Kioo?"

"Ileile."

"Tulisema tutanunua drai," Vidole akasema. "Tulikaa hapa, mimi na wewe, tukasema. Juzi ilizimika mteja akiwa ndani. Yule mama alitoka nusu mkavu nusu mbichi."

"Wifi, mimi sijawahi kuona mtu akivuka barabara kufuata drai."

Hapo Vidole akang'ata kitana, maana anayevuka barabara alikuwa ni yeye.

Kwenye kiti cha pili aliketi shangazi wa bibi harusi, mkoba magotini, ndiye aliyeleta kichwa na ndiye atakayekilipia. Mwanamke wa kuuliza bei ya kitu hata kama hakitaki. "Hebu nielewesheni," akasema. "Si mnayo hiyo Purukushani? Naiona pale, punda ananitazama."

"Hiyo ni ya zamani, shangazi," Redio akasema. "Hiyo unabonyeza. Hii inakuona."

"Ikishaniona?"

"Inakutia ndani."

"Na nikiwa ndani napata nini?"

Redio akaligeuza boksi, akatafuta jibu kwenye picha. Ni mara chache sana kumwona hivyo. "Mimi mwenyewe sijaicheza," akakiri. "Ila muuzaji amesema nikirudisha leo kabla hajafunga duka, na nailoni haijachanika, anaipokea."

"Basi rudisha," Vidole akasema haraka. Haraka mno. Mtu aliyekwisha kufunga mizigo hapendi kuletewa zawadi.

"Ngoja kwanza, mwanangu," shangazi akamwambia. "Mimi hata viatu nanunua baada ya kutembea navyo mpaka duka la tatu. Ng'ambo pale si ipo? Twende tukaionje. Ikifaa, mnachana nailoni. Isipofaa, mnarudisha."

"Shangazi, kazi iko katikati. Sijawahi kuacha kichwa nusu."

"Nani amekuambia ukiache? Tunakwenda nacho."

Bibi harusi alikuwa amekwisha kusimama. Tangu asubuhi alikuwa akijitazama kwenye kioo na kuuliza, "Dada, mbona Wimbi langu limenyooka?" Naye Vidole alikuwa akimjibu, "Huu ni mwanzo, bahari bado shwari." Sasa alitaka kwenda kuona bahari yenyewe.

Wakafunga mlango. Boksi likabaki juu ya drai, ndani ya nailoni yake, likisubiri hukumu.

Mtaa ulipata cha kutazama siku ile. Mbele shangazi na mkoba. Nyuma yake bibi harusi, taulo begani, nusu ya rasta ikimning'inia sikioni. Nyuma ya bibi harusi Vidole, ameshika msuko usiokwisha kama anayepeleka mbuzi mnadani. Mwisho Redio, akiwaeleza wapita njia jambo ambalo hawakumuuliza.

Kwa Bi Kioo, kioo kinaanzia ukuta hadi ukuta, na viti vinazunguka. Redio hakuomba ruhusa. Alikaa kwenye kilichokuwa wazi, akasukuma kwa mguu, akazunguka mara moja kimyakimya, akashuka akijifanya hakufanya kitu.

"Karibuni majirani," Bi Kioo akasema. Sauti yake ina mafuta, hata akikufukuza huteleza nje bila kuumia. Akamtazama Vidole. "Wewe umewahi. Mimi nilikuwa nakutegemea..."

Vidole akakohoa. Kilikuwa kikohozi ambacho kifua hakikuhusika.

"Pole," akasema Bi Kioo, akatabasamu. Tabasamu lile la mtu aliyeweka akiba.

"Tumekuja kuonja gemu," shangazi akaeleza. "Si mimi. Wao. Mimi sichezi mambo ya watoto."

Kamera ndogo nyeusi ilikaa juu ya televisheni kama mende aliyevaa miwani. Wakasimama mbele yake: Redio akawa bata, kama kawaida yake, bibi harusi akawa kuku. Mteja wa Bi Kioo aliyekuwa akisukwa kitini akawa punda. Palibaki mbuzi.

"Wakipungua haianzi," Redio akasema kwa upole.

Shangazi akaweka mkoba chini.

Mchezo uliitwa Ndoo ya Mayai. Kila mnyama ana ndoo kichwani, mayai yanadondoka kutoka mbinguni, nawe unayadaka kwa kuinamisha kichwa chako mwenyewe. Ukilaza kushoto, mbuzi analaza kushoto. Ukilaza kulia, naye hivyohivyo.

"Mbona yangu yanavunjika?" shangazi akauliza.

"Lala kushoto, shangazi. Kushoto kwako, si kwa mbuzi."

"Mbuzi ni mimi, kushoto kwetu ni kumoja. Na huyu kuku anayenisukuma ni nani?"

"Ni mimi, shangazi," bibi harusi akasema, akicheka.

"Kesho unaolewa, leo unamsukuma aliyekulea."

"Umekaa kwenye yai langu."

"Limeandikwa jina?"

Redio alikuwa katikati yao wote, bata wake hata hadaki mayai, anatangaza tu. Huyu kafanyaje, yule kafanyaje, punda kaiba, mbuzi kakasirika, mbuzi sasa ana mayai mengi kuliko dukani. Hata waliokuwa kwenye foleni ya Bi Kioo wakasogeza viti. Bi Kioo naye alimtazama Redio, kichwa kikiwa upande, kama mtu anayepima kitambaa. Kumbuka mtazamo huo.

Vidole hakuona lolote kati ya hayo. Kichwa cha bibi harusi kilikuwa kimemponyoka. Kila alipokishika kilikimbilia yai. Akaachia, akarudi nyuma, na kwa kuwa yeye ni msusi na si mtu wa televisheni, macho yake yakaenda yanakokwenda siku zote: kwenye kichwa cha mwenzake.

Yule mteja aliyekuwa punda alikuwa anasukwa na huku anadaka mayai. Yai la kushoto, kichwa kushoto. Msusi wa Bi Kioo nyuma yake, kitana mkononi, anakifuata. Yai la kulia, kichwa kulia. Kitana kinafuata. Nyuma ya kile kitana njia ilibaki ikipinda, ikapindua, ikapinda tena, mpaka kisogoni.

Wimbi.

Msomaji, mtu anaweza kulala macho kwa ajili ya siri, akaipigia magoti, akainyoa sanamu kwa ajili yake, kumbe siri yenyewe iko kitini, inakimbiza mayai.

"Bi Kioo," Vidole akasema, naye alishindwa kuzuia meno yasionekane, "huu msuko wa Wimbi ulijifunzia wapi?"

"Kipaji tu, mwenzangu. Mungu hagawi sawa."

"Na televisheni ikizimwa, kipaji nacho kinazimika?"

Msusi aliyekuwa na kitana akatazama chini. Mmoja wa foleni akacheka, mwenzake akamwuliza anacheka nini, akaelezwa sikioni, akashika kichwa chake mwenyewe chenye mawimbi.

Mafuta yakakauka kwenye sauti ya Bi Kioo. "Maswali hayo mazuri sana," akasema. "Niulize Jumatatu, ukishakaa kwenye kiti chako. Au wifi yako bado hujamwambia kwamba umeshanikubalia?"

Kwenye televisheni, bata alisimama wima. Yai likampasukia kichwani, la pili, la tatu. Hakuinamisha kichwa. Akadondoka majini, na sauti ya gemu ikasema kwa furaha, "Bata ametoka."

Tangu mtaa umjue, ilikuwa mara ya kwanza Redio kuzimika.

"Hongera, wifi," akasema. Akamrudishia shangazi mkoba wake uliokuwa sakafuni, akaupangusa vumbi kwanza, akatoka.

Vidole alipofika saluni, mlango ulikuwa wazi na Redio ameshika boksi.

"Wifi, nisikilize."

"Duka litafungwa."

"Nilitaka kukuambia baada ya harusi."

"Ya huyu binti au ya mjukuu wake?" Redio hakupandisha sauti. "Unajua kwa nini nilinunua hili? Niliona watu wanavuka barabara. Nikasema wanafuata gemu. Nikasema nikiileta hapa, hata wewe hutakuwa na sababu ya kutazama ule upande. Maana nilikuona ukitazama. Sikujua kwamba wewe unatazama kiti."

"Si kiti tu."

"Kinazunguka, nimekaa. Ni kizuri."

"Wifi, nilichoka. Mimi nasuka kutwa nzima, mgongo unaniuma, wewe..." Vidole akasita.

"Malizia."

"Wewe unacheza."

Redio akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu la swali la zamani. "Ndiyo," akasema. "Mimi nacheza." Akapita katikati ya shangazi na bibi harusi waliokuwa wanaingia, akashika barabara ya dukani, boksi kwapani.

Vidole alitaka kumfuata. Lakini kichwa kilikuwa nusu, na harusi ilikuwa kesho, na shangazi alikuwa amekaa tena na mkoba magotini. Akamketisha binti. Televisheni ikabaki imezimwa, kwa kuwa hakuna aliyejua wala kutaka kuiwasha. Akagawa nywele, akaanza.

"Aa," bibi harusi akasema.

"Pole."

"Dada, shingo."

"Vumilia, mdogo wangu."

Bibi harusi akavumilia kidogo. Kisha akajikuna sikio. Akatazama simu. Akanyoosha mguu. Akageuka kuona nani anapita nje, akageuka tena kuona nani anampita huyo. Akauliza kama watamaliza leo. Akatoa chozi, akalifuta, na kila alipofanya jambo kichwa kilikwenda na jambo lake.

Vidole akasimama. Akautazama mstari aliokwisha kuusuka. Akausogelea. Ulikuwa umepinda.

"Hilo sasa ndilo Wimbi?" bibi harusi akauliza kwa matumaini.

Shangazi akanyanyuka, akavaa miwani, akakagua. "Hapana, mwanangu," akasema. "Hiyo ni ajali."

Vidole akabaki ameshika kitana. Miaka yote hii akisuka, mtaa mzima ukiusifu mkono wake, yeye mwenyewe akiusifu akiwa peke yake. Kumbe vichwa vilitulia kwa sababu kuna mahali mikono ilikuwa imeshughulishwa. Mtu anayemsukuma punda wa jirani majini hakumbuki shingo yake. Hajikuni. Haulizi saa. Anamkabidhi msusi kichwa kama kilemba kilichowekwa mezani. Ile rula iliyonyoosha njia zote za Vidole haikuwa vidoleni. Ilikuwa inakaa pembeni, inapiga kelele, inaitwa Redio.

"Shangazi, naomba unishikie huyu."

"Kichwa au mtu?"

"Vyote."

Akatoka mbio, kitana mkononi, aproni imejaa nywele. Waliomwona mapema akivuka na bibi harusi sasa walimwona akikimbia bila yeye, na tayari mtaani harusi ikawa imevunjika. Hayo tuwaachie wenyewe.

Redio alikuwa amefika kaunta. Muuzaji, mwanaume mpole wa kuvaa bisibisi sikioni kama kalamu, alikuwa analigeuza boksi upande mmoja mmoja na kupitisha kidole kwenye nailoni.

"Iko salama, mama," akamwambia Redio. "Haijaguswa. Naipokea."

"Usiipokee," Vidole akasema, akihema.

"Wifi, rudi kazini," Redio akasema bila kumtazama. "Jumatatu utakuwa mgeni, usianze na uchovu."

Vidole akainua kitana. Kitana cha msusi kina mkia, chuma chembamba cha kugawia nywele, na ule mkia umepita kwenye vichwa vingi kuliko hotuba za wanasiasa. Akauweka pembeni mwa boksi. Akaupitisha juu mpaka chini, moja kwa moja, mstari ulionyooka kuliko yote aliyopata kuichora. Nailoni ikafunguka ikaangukia kaunta.

Muuzaji akaitazama. "Hapo sasa, mama, hairudi."

"Ndiyo maana nimekata."

Redio akageuka, akamtazama.

"Na kiti cha ng'ambo?" Redio akauliza.

"Akikalie mwenyewe. Akizunguke mpaka kizunguzungu."

"Na ile 'wewe unacheza'?"

"Nimesuka mstari mmoja bila wewe. Kaulize shangazi umeitwaje."

Redio akajaribu kuendelea kununa, maana alikuwa na haki ya kununa mpaka kesho kutwa. Lakini betri ilikuwa imerudi. Aliuliza mstari umeitwaje, akaambiwa umeitwa ajali, akacheka akashika kaunta. Akaanza kumweleza muuzaji habari yote kutoka mwanzo, muuzaji ambaye hakuwa na la kufanya ila kusikiliza, na katikati ya maelezo akapanga jinsi watakavyomweka bibi harusi mbele ya kamera: kamchezo ka kulala kushoto na kulia polepole, wifi afuate nyuma kwa mkono wake ule ulionyooka, watoe Wimbi ambalo kwa Bi Kioo hawajawahi kuliota.

Kumbe inafaa kununuliwa, akasema Vidole moyoni. Si kwa mayai.

"Sasa," muuzaji akasema, alipopata upenyo, "kamera mnachukua rangi gani?"

"Kamera gani?" Redio akauliza.

"Ya kuchezea."

"Si imo?"

Muuzaji akaligeuza boksi na kuonyesha maandishi chini kabisa, madogo, ya kusomwa na sisimizi mwenye elimu. "Kamera inauzwa peke yake."

Wawili wale wakainama, wakasoma, wakainuka.

"Na bila kamera?" Vidole akauliza.

"Bila kamera unacheza. Kuna visiwa vipya kidogo, na punda wamemvalisha kofia." Muuzaji alikuwa mtu mkweli, jambo lililomcheleweshea utajiri. "Lakini, tuseme ukweli, mama, bila kamera ni ileile mliyonayo."

"Basi tupe kamera."

"Zimekwisha. Nilikuwa na mbili. Zote alichukua Bi Kioo, moja ya kutumia, moja ya akiba."

Vidole aliangalia nailoni iliyolala kaunta. Haikuwa na dalili ya kujiunga tena.

Walirudi polepole, boksi katikati yao, kila mmoja ameshika upande wake ingawa lilikuwa jepesi. Redio ndiye aliyekuwa akiongea, kwamba watamwomba Bi Kioo, kwamba Bi Kioo atakataa, kwamba yeye atamwimbia, kwamba shangazi akipewa ahadi ya kuwa mbuzi tena anaweza kwenda kugombana kwa niaba yao.

Hawakuwa na haja ya kumtuma mtu.

Bi Kioo alikuwa ndani ya saluni yao. Ameketi kwenye kigoda cha Redio, chini ya ile sheria ya kwenye kioo, magoti pamoja. Juu ya magoti ilikaa kamera ndogo nyeusi. Shangazi, aliyekuwa bado ameshika kichwa cha bibi harusi kwa mikono miwili kama alivyoagizwa, aliwakonyeza kwa jicho moja, yaani, mimi simo.

"Nimesikia mmechana nailoni," akasema Bi Kioo. Mafuta yalikuwa yamerudi kwenye sauti. "Nikajua mtahitaji hii. Nimewaletea. Sitaki pesa."

Vidole akajitokeza mbele. Hii vita aliijua, na leo alikuwa na hamu nayo. "Bi Kioo, nikuambie mbele ya watu. Nilikukubalia, nakuomba radhi, siji tena. Kama bei ya kamera ni vidole vyangu, ondoka nayo."

"Vidole vyako?" Bi Kioo akamtazama kwa huruma ya kweli kabisa. "Mwenzangu, kaa na vidole vyako. Kwangu watu hawataki kunyooshwa. Lakini tangu mmeondoka leo, gemu inaendelea na hakuna anayecheka. Wanadaka mayai kama wako kazini. Wateja wameniuliza mmojammoja, wote swali moja." Akanyoosha kidole, kikampita Vidole begani, kikasimama nyuma yake. "Wanauliza bata atarudi lini. Namtaka huyo. Kamera naiacha hapa leo, msuke harusi yenu. Jumatatu aje kwangu. Kiti ni kilekile."

Vidole akacheka. Akageuka ili wacheke wote wawili, kama watu wenye boksi moja.

Redio hakuwa anacheka. Alikuwa ameichukua kamera kutoka magotini mwa Bi Kioo, anaigeuzageuza, anaipuliza vumbi kwenye kioo chake kidogo, taratibu. Vidole akakitambua chakula hicho. Ndicho alichompikia mwenzake leo, sasa kimepakuliwa kwenye sahani yake.

"Wifi?" akasema.

Redio akainua macho, lakini hakumtazama yeye.

"Bi Kioo," akasema, "kile kiti, kinazunguka pande zote mbili, au upande mmoja tu?"